Kabla hujanunua dawa za bitiruti kwa ajili ya presha, soma lebo namna hii

Mzee wangu anakaa Walukuba, Jinja, kwenye zile nyumba za zamani za wafanyakazi wa viwanda ambako Kiswahili ndo lugha ya kila mlango, na ana presha mwaka wa tisa sasa. Alikuwa anaendelea vizuri na amlodipine yake, kidonge kimoja kila asubuhi baada ya chai, mpaka siku mtu wa ukoo alipotoka safari akamletea kopo la kapsuli nyekundu, picha ya bitiruti mbele na moyo umechorwa pembeni. Baba akanipigia simu, "mwanangu hii ni mizizi tu, haina kemikali, nimeona niupumzishe mwili na vile vidonge vya hospitali." Mi nkadhani anaongea tu. Wiki tatu baadaye nkafika nyumbani na mashine, nkampima, 174 kwa 102, nkangoja kidogo nkampima tena, 171 kwa 100, na yeye amekaa kwenye kiti chake cha kamba anacheka ananiambia yuko mzima kabisa hasikii chochote. Presha ndivyo ilivyo, haikuambii.

Tulimrudisha kliniki, akarudi kwenye kidonge chake, namba zikashuka. Lakini lile kopo likaniuma, nkakaa nalo usiku kucha nasoma kila herufi ya lebo na kutafuta kila neno nisilolijua, na toka siku ile watu wa kwetu wananitumia picha za makopo kwenye simu, dada hii vipi, mama hii inafaa, hii nimeletewa kutoka Dubai nimpe bibi? Kwaiyo naandika hapa jinsi ya kuipima bidhaa yoyote ya bitiruti, iwe kapsuli, unga, juisi ya chupa ama zile za kutafuna kama peremende, kabla hujatoa hela yako ama ya mzazi wako.

Nianze kwa kusema bitiruti yenyewe si uongo, msije mkadhani nakuja kuibomoa. Inafanya kazi, na inajulikana inafanyaje. Ndani yake kuna kitu kinaitwa nitrati. Ukila ama ukinywa, nitrati inaingia kwenye damu, sehemu yake inarudi mdomoni kupitia mate, na huko nyuma ya ulimi kuna bakteria wazuri wanaoigeuza iwe nitriti, ukimeza mate nitriti inaingia tumboni na kwenye damu, na mwili unaigeuza tena kuwa nitriki oksaidi. Hiyo nitriki oksaidi ndo inayoiambia mishipa ya damu ilegee, ipanuke, damu ipite bila kusukumwa kwa nguvu. Wanasayansi watatu wa Marekani, Furchgott, Ignarro na Murad, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kugundua kazi ya hiyo nitriki oksaidi mwilini, kwaiyo si hadithi za mganga.

Na kuna utafiti ambao mi naushika kama kipimo changu kila nikisoma lebo. Mwaka 2015 watafiti wa Queen Mary, chuo kikuu kimoja London, wakiongozwa na profesa Amrita Ahluwalia, walichukua watu 68 wenye presha, nusu yao tayari wako kwenye dawa na nusu bado, kundi moja likanywa juisi ya bitiruti mililita 250 kila siku wiki nne, kundi la pili likanywa juisi ya bitiruti ileile ila imetolewa nitrati. Waliokunywa yenye nitrati namba yao ya juu ilishuka karibu pointi 8 na ya chini pointi 2 na kidogo. Wale wengine haikusogea. Hapo ndo unajua ni nitrati inayofanya kazi, si wekundu wala udongo uliotoka nao. Na ile juisi ilikuwa na nitrati miligramu 400 hivi kwa siku. Ikumbuke hiyo 400, tutaitumia sa hivi. Kumbuka na hili pia, walipoacha kunywa, ndani ya wiki mbili presha ilirudi ilipokuwa. Kwaiyo mtu akikwambia kopo moja linamaliza presha kabisa, huyo ameshakuonyesha kwamba hajui anachouza.

Sasa tushike lebo

Chukua kopo, ligeuze, achana na mbele. Mbele ni matangazo. Nyuma kuna jedwali dogo linaloonyesha kilichomo kwa kila dozi, na unatafuta neno moja tu, nitrati, kwa kizungu limeandikwa nitrate, na pembeni yake namba ya miligramu. Si miligramu za bitiruti. Miligramu za NITRATI. Hapa ndo watu wote wanapotelea na hapa ndo baba alipopotelea.

Kopo lake lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa "1000 mg". Elfu moja! Mtu akiona elfu anaona dawa kali, si amlodipine yake ni 5 tu? Lakini ile elfu ni uzito wa unga wa bitiruti kwenye kapsuli mbili, na unga wa bitiruti uliokaushwa, hata tukiufanyia huruma tuseme ni mzuri sana, una nitrati asilimia 2 ya uzito wake. Piga hesabu na mimi. Asilimia 2 ya miligramu 1000 ni miligramu 20. Wale wa London walikunywa 400. Kwaiyo ili mzee wangu afikie kiwango chao angemeza kapsuli 40 kwa siku, na kopo zima lilikuwa na 60. Nilipomaliza hiyo hesabu saa saba usiku, niliweka lile kopo chini nkakaa kimya, manake mzee aliacha dawa yake kwa ajili ya miligramu 20 za nitrati, kiasi ambacho angekipata kwenye vijiko viwili vitatu vya dodo, ile mboga ya mchicha.

Kwaiyo hesabu hiyo ifanye kila mara, inachukua dakika moja kwenye simu. Kama lebo haitaji nitrati kabisa, chukua gramu za unga kwa dozi, tafuta asilimia 2, hiyo ndo bahati yako nzuri kabisa, na mara nyingi ni chini ya hapo. Kapsuli karibu zote zinaanguka kwenye mtihani huu, haziwezi kubeba unga wa kutosha, ni vidogo. Za kutafuna zinaanguka vibaya zaidi, na juu yake zina sukari, sasa mzee mwenye presha na sukari pamoja, ambao ni wengi, unampa peremende unasema ni dawa ya moyo, hapana. Unga wa kukoroga ndo unaanza kuwa na maana, kijiko cha gramu 10 chenye unga mzuri kinaweza kukupa kama miligramu 200. Juisi nzito iliyokolezwa, zile za chupa ndogo wanazotumia wakimbiaji, huwa zinakaribia 400 kwenye chupa moja, na kampuni inayojua kazi yake inaandika kiasi cha nitrati wazi.

Wengine wanaandika kwa kipimo cha mmol badala ya miligramu, usichanganyikiwe, mmol 1 ya nitrati ni miligramu 62. Ukiona mmol 6 zidisha unapata 372, safi.

Sasa kuna lebo zinazotaja nitrati na bado zinadanganya, ama hazidanganyi kwa makusudi ila unga wa msimu huu si wa msimu uliopita. Bitiruti inabadilika kutokana na udongo, mbolea, jua, siku ya kuvuna, yaani mbili za shamba moja hazifanani. Mwaka 2019 watafiti Gallardo na Coggan wa Marekani walinunua bidhaa 24 za juisi na unga wa bitiruti wakazipima maabara, wakakuta tofauti ya karibu mara 50 kati ya yenye nitrati kidogo na yenye nitrati nyingi, na ni 5 tu kati ya hizo 24 zilizofika mmol 5 kwa dozi. Tano kati ya ishirini na nne, na hizo ni bidhaa za nchi yenye maabara kila kona. Kwaiyo kutoka nje si sifa. Kuwa ghali si sifa. Kuwa nyekundu sana ndo kabisa si sifa, manake ule wekundu unatokana na betanini, ni rangi tu, wanaitia hata kwenye aiskrimu na soseji, haihusiani na nitrati.

Angalia pia kama wameandika mchanganyiko wa siri, yaani wanataja bitiruti, mbegu za zabibu, kitunguu saumu, tangawizi, na jambo lingine, alafu wanatoa uzito mmoja wa vyote pamoja. Hapo huwezi kujua bitiruti ni kiasi gani, inaweza kuwa ni vumbi la kupaka rangi. Mi nikiona hivo narudisha kwenye rafu.

Mihuri na vibali

Watu wanauliza sana hii. Kwa bidhaa zinazotengenezwa hapa Uganda kama vyakula, juisi na unga wa pakiti, tafuta alama ya Q ya UNBS, ile ya shirika la viwango. Kwa kitu kinachouzwa kama dawa ama dawa ya asili, inayohusika ni NDA, mamlaka ya dawa, wana orodha ya dawa zilizosajiliwa kwenye tovuti yao na unaweza kutafuta jina. Kama mtu anakuuzia kitu anasema kinatibu presha na NDA hawakijui, hiyo peke yake inatosha kukufanya uondoke.

Lakini elewa mihuri inasema nini. Alama ya ubora inasema bidhaa imefikia viwango vyake, haisemi itashusha presha ya mama yako. Kwenye makopo ya Marekani utaona wakati mwingine muhuri wa USP ama NSF, hiyo ni nzuri, maana yake mtu wa pembeni amethibitisha kilichoandikwa ndo kilichomo, ila kama kilichoandikwa ni miligramu 500 za unga, basi umethibitishiwa kwamba ni kidogo kweli. Na chini kabisa kwa maandishi ya sisimizi huwa wameandika kwamba FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, haijayapima madai haya na bidhaa haikusudiwi kutibu wala kuzuia ugonjwa wowote. Ni sheria yao tangu 1994, hizi sapulimenti zinaingia dukani bila kuthibitisha kwamba zinafanya kazi. Mwonyeshe mzazi wako hayo maandishi, msomee polepole kwa Kiswahili. Baba nilipomsomea alinyamaza akasema, "kumbe wenyewe wamekataa?" Ndiyo baba, wenyewe wamekataa.

Ujanja wa mashine mezani

Hii lazima niwaeleze kwa urefu manake nimeiona kwa macho yangu, na nimeona wazee wakitoa hela za kodi ya nyumba.

Karibu na steji ya takisi kulikuwa na meza, mwavuli, kijana mtanashati, na mashine ya presha ile ndogo ya kufunga karibu na kiganja. Mama mmoja anapita na mzigo, amebeba ndizi, jua la saa nane. "Mama shikamoo, karibu upime presha bure." Mama anaketi bado anahema, kijana anamfunga mashine hapohapo, 158. Anashtuka. Kijana anamwambia mama yangu hii ni hatari, hii ni stroku inakuja, ngoja nikuonyeshe kitu. Anamkorogea unga mwekundu kwenye kikombe, mama anakunywa, alafu kijana anaanza kuongea. Anaongea kuhusu shangazi yake, kuhusu damu chafu, kuhusu hospitali, dakika kumi na tano zinapita mama amekaa kivulini ametulia. Anampima tena, 139. "Umeona mama? Dakika chache tu!" Mama akafungua kitambaa chake akatoa hela.

Sasa sikiliza. Yule mama hata angepewa maji presha ingeshuka. Alikuwa ametembea juani na mzigo, akapimwa bila kupumzika, alafu akakaa. Ndo maana kliniki wanakwambia ukae dakika tano kwanza. Isitoshe kazi ya nitrati ya bitiruti kwenye presha inachukua kama saa mbili mpaka tatu kufika kileleni, si dakika kumi na tano. Kwaiyo ukiona mtu anapima, anakunywesha, anapima tena papo hapo, inuka uende zako, na kama kuna mzee hapo mshike mkono muondoke wote.

Nani asiguse bila kuuliza

Hapa sitaki tufanye haraka. Mgonjwa wa figo kwanza. Bitiruti ina potasiamu nyingi, figo iliyochoka haiwezi kuitoa, na potasiamu ikijaa kwenye damu moyo unaweza kwenda vibaya ghafla. Hatari inaongezeka kama mtu anameza losartan, enalapril ama spironolactone, manake hizo nazo zinazuia potasiamu isitoke. Na wagonjwa wengi wa presha wana shida ya figo na hawajui. Muulize daktari apime kwanza.

Aliyewahi kupata mawe kwenye figo naye aangalie, bitiruti ina oksaleti nyingi na aina ya mawe inayotokea sana inatokana nayo. Anayetumia dawa za maumivu ya kifua ya moyo zenye nitrati, zile za kuweka chini ya ulimi ama isosorbide, ama anayetumia sildenafil (Viagra), asichanganye na dozi kubwa za bitiruti kabla hajaongea na daktari, zote zinapita njia ileile ya kulegeza mishipa na presha inaweza kushuka mpaka mtu akaanguka. Nasema hii ya sildenafil makusudi kwa sababu vipo vikopo vya bitiruti vinauzwa kama nguvu za kiume na wazee wanavichanganya kimyakimya, nyumbani hakuna anayejua. Watoto wachanga chini ya miezi sita wasipewe juisi ya bitiruti kabisa, nitrati inaweza kuharibu uwezo wa damu yao kubeba hewa.

Na kwa wote, usiache dawa. Kama daktari ataona namba zako zimekuwa nzuri na dozi inaweza kupungua, atapunguza yeye. Bitiruti inakaa pembeni ya kidonge, haikalii kiti chake.

Jinsi ya kujaribu mwenyewe kwa haki

Tuseme umepata bidhaa nzuri, lebo inasema nitrati 300 ama 400, daktari hana pingamizi. Usiinywe tu ukangoja kujisikia. Tafuta mashine ya mkono wa juu, si ya kiganja, na mkanda unaotosha mkono wa mzee, mkanda mdogo kwenye mkono mnene unatoa namba za uongo za juu. Nunua daftari la shule.

Wiki ya kwanza usibadilishe chochote, pima tu. Asubuhi kabla ya dawa na kabla ya chai, na jioni. Akojoe kwanza. Asiwe amevuta sigara ama kunywa kahawa nusu saa iliyopita. Akae kwenye kiti chenye mgongo, miguu yote chini, asikunje nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, dakika tano kimya, hakuna simu, hakuna wajukuu kupanda mapajani. Pima mara mbili, katikati ngoja dakika moja, andika zote mbili. Siku ya kwanza itupe, watu wanakuwa na wasiwasi wa mashine. Zinazobaki jumlisha ugawe, hiyo ndo namba yako ya kuanzia. Nyumbani tukivuka 135 kwa 85 tunahesabu ni ya juu.

Alafu wiki nne anatumia bitiruti kila siku saa ileile, dawa zake zilezile, chumvi ileile, na wiki ya nne unapima tena siku saba kama mwanzo. Linganisha wastani na wastani, si siku moja na siku moja, manake presha inacheza yenyewe pointi kumi bila sababu. Kama imeshuka pointi 4, 5, 8, vizuri, inakufanyia kazi. Kama haijasogea, usiongeze kopo la pili, hela hiyo ina kazi nyingine. Na daftari hilo mpelekee daktari, wanalifurahia sana, yule wa baba alilipiga picha.

Jambo ambalo wengi wanaliharibu bila kujua ni dawa ya kusukutua mdomo, zile kali za kuua bakteria. Ukisukutua nayo kila asubuhi unaua walewale bakteria wa ulimi wanaoigeuza nitrati, na bitiruti yako inapita bure. Piga mswaki kawaida, inatosha.

Katikati ya hayo yote, siku yoyote mashine ikisoma 180 kwa 120 ama zaidi na mtu anaumwa kifua, ama mdomo umepinda, ama anaongea maneno hayaeleweki, ama macho yamepata giza, usimkoroge unga wowote, ita gari, ita boda kama hakuna gari, hospitali.

Sokoni ni bei rahisi

Baada ya hesabu zangu zote nimefika hapa, kwa watu wengi wa kwetu kopo halina haja. Jumamosi baba anaenda mwenyewe soko kuu la Jinja, anachagua bitiruti ngumu zenye ngozi nzima, za kadri, si zile kubwa zilizochoka, na fungu lake ni hela ndogo ukilinganisha na kopo. Anaosha, anamenya, anakata tatu ama nne mbichi, zinaingia kwenye blenda na maji kidogo, kipande cha tangawizi na limao. Bila sukari. Glasi moja ya mililita 250. Asichemshe, manake nitrati inakimbilia kwenye maji na ukimwaga maji umemwaga dawa, kama lazima achemshe basi maji hayo yanywewe. Na asikoroge ya wiki nzima akaiacha mezani, ikikaa kwenye joto bakteria wanaanza kugeuza nitrati humohumo kwenye jagi na inaharibika, ya leo inywewe leo, ikizidi sana ilale kwenye friji mpaka kesho.

Na asiye na blenda asione amekosa. Dodo letu hili la kila kona lina nitrati nyingi, linashindana na bitiruti kabisa, na sisi tuna bahati ya namna tunavyolipika, ukilifunga kwenye jani la mgomba ukaliweka juu ya matoke liive kwa mvuke, nitrati inabaki mlemle. Ukilitokosa kwenye sufuria ya maji ukakamua, umebaki na nyuzi. Ila ukilimwagia chumvi mkono mzima umebomoa ulichojenga, WHO wanasema chumvi ya siku nzima isizidi gramu 5, kijiko kimoja cha chai, na hapo hesabu chumvi ya roleksi ya asubuhi, ile chapati ya mayai, na mchuzi wa unga wa pakiti vyote ndani yake. Kwa mama yangu mdogo kupunguza chumvi kulisogeza namba kuliko bitiruti ilivyosogeza, nimeona kwenye daftari lake.

La mwisho, waambie wazee mapema kuhusu rangi. Siku ya tatu ya juisi baba aliingia choo akatoka mbio, rangi imempotea, ananiita kwa jina langu la utotoni, anasema anakojoa damu. Tukakaa chini nkamweleza ni rangi ya bitiruti, kwa baadhi ya watu inapita mpaka kwenye mkojo na choo, haina madhara. Lakini nikamsimamisha juisi siku mbili kwanza tuone, manake kama wekundu ungebaki bila bitiruti, hiyo ingekuwa damu kweli na safari ya hospitali. Siku ya pili mkojo ukawa wa kawaida, na ya tatu asubuhi nkamkuta jikoni mwenyewe, kidonge chake ameshameza, anamenya bitiruti kwa kisu kidogo na vidole vyekundu mpaka kwenye kiganja.